Sumaku Inayosikia Baridi

Sijawahi kumwona Madam akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Aliianza mezani, akaiendeleza mlangoni, na mwisho wake ungeukuta juu ya ukuta wa jirani, chai imepoa, mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara akimuuliza kijana wa boda boda kwa nini mnyororo wa pikipiki yake unalia. Mtaani kwetu Pioneer ukiona kikombe cha bluu kimeachwa juu ya nguzo ya lango la mtu, ulijua Madam amepita hapo na bado hajarudi.

Alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya wasichana miaka mingi, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita jina lingine. Mapasta walimwita Madam, mama mboga walimwita Madam, na nadhani hata majirani zake wa karibu hawakulijua jina alilobatizwa. Alitembea mbele ya kila mtu. Ukiandamana naye kwenda mjini, mazungumzo yote uliyafanya na mgongo wake. Nilikuwa kijana mwenye miguu mizima, na bado nilikuwa nikikimbia kidogo, kisha natembea, kisha nakimbia tena, kama mbwa anayemfuata mwenye baiskeli.

Alitoka upande wa ziwa, na baridi ya Eldoret hakuizoea. Alivaa sweta juu ya sweta, na kofia ya sufu aliyoivuta mpaka ikafunika masikio. "Mji mzuri huu," alikuwa akisema, "ila Mungu alisahau kuufungia dirisha." Kwa sababu ya baridi hiyo karakana yake, banda la mabati nyuma ya nyumba, haikufunguliwa asubuhi kama karakana za wengine. Ilifunguliwa jua likifika kizingitini. Kabla ya hapo ungegonga mpaka mkono ukuume. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kutuponza.

Niliingia katika karakana hiyo kwa mkokoteni. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla nyasi za kaburi la kwanza hazijaota vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu, Nekesa na Barasa. Basi nikawa nazunguka mitaani nikiokota chuma chakavu. Siku moja Madam alinisimamisha, akatoa spika iliyokufa kutoka kwenye mzigo wangu na kuigeuza.

"Unajua humu ndani kuna nini?"

"Sumaku, Madam."

"Ni kitu kizuri?"

"Kizuri."

"Na ubaya wake?"

Sikuwahi kusikia mtu akiuliza ubaya wa sumaku.

"Kitu usichojua ubaya wake, hukijui," akasema. "Kesho uje. Lakini si asubuhi."

Swali hilo ndilo lilikuwa salamu yake, kemeo lake, na nadhani hata sala yake. Ukimsifia sufuria mpya: na ubaya wake? Ukimwambia umepata mchumba: na ubaya wake? Jirani mmoja alimletea habari kwamba mwanawe amepata kazi ng'ambo, Madam akamshika mikono kwa furaha ya kweli kabisa, kisha akauliza. Yule mama hakumsemesha mpaka Krismasi. Lakini mtaa ulilizoea swali hilo, na baadaye ukalipenda, na watoto walilitumia kumalizia ubishi wa mpira.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza mota za umeme, zile za kuendesha pampu, mashine za kukata majani ya ng'ombe, na baadaye pikipiki na tuktuk. Ndani ya mota ya namna hiyo kuna sumaku zinazosukumana na waya wa shaba uliozungushwa. Watengenezaji wengi siku hizi hutumia sumaku ndogo zinazong'aa, kali ajabu, zinazotengenezwa kwa madini adimu. Madam alizikataa. Alitaka sumaku nyeusi, za feraiti, ambazo kimsingi ni kutu ya chuma iliyosagwa na kuokwa kama matofali pamoja na unga wa madini mengine ya kawaida. Hizo zimejaa ndani ya spika kuukuu, na spika kuukuu katika mji huu ziko makanisani.

Alizunguka kanisa kwa kanisa. Pasta yeyote ambaye spika yake ilikuwa imepasuka kwa kelele za mkesha alimjua. Tukirudi na mkokoteni umejaa, alikuwa akipiga moja kofi na kusema, "Hii imesikia mahubiri miaka kumi. Haiwezi kutuangusha."

Chuki yake kwa sumaku kali ilianzia kwenye kucha. Mbili zilimfinya kidole gumba zikirukiana, kucha ikatoka, ikaota tena imepinda. Alikuwa akionyesha kucha hiyo kwanza, kwa sababu watu husikiliza damu. Halafu ndipo aliposema jambo lenyewe. Alisema madini hayo huchimbwa na kuoshwa kwa tindikali, na maji machafu huachwa kwenye mabwawa kando ya mashamba ya watu. "Watu kama hawa wafugaji wa Moiben," alisema. "Wana ng'ombe. Wana watoto wanaochota maji. Hatuwajui, basi tunaona ni sawa." Na kitu cha pili: sumaku hizo zikivunjika hapa, hakuna wa kuzitengeneza, unangoja meli. Zile nyeusi unazitoa kwenye spika iliyokufa, unazitumia, na mota ikifa unazitoa tena.

Kwenye shamba lake la sukuma wiki alikuwa amezika sumaku mbili, moja ya kila aina, zote amezikwaruza kidogo kwa msasa. Kila msimu wa kupanda alizifukua. Ile kali ilianza kuvimba na kumomonyoka kama biskuti iliyolowa. Ile nyeusi ilitoka vilevile ilivyoingia.

"Umeona?" nilimwambia mwaka mmoja, nikidhani tumeshinda.

"Nimeona. Na ubaya wake?"

"Hauko."

"Hii haiozi, Wafula. Ukiitupa, wajukuu wako wataikuta." Akaifuta udongo na kuirudisha shimoni. "Kwa hiyo usiitupe."

Sasa niseme na ubaya wake yeye, maana asingependa niuruke.

Alikuwa akihubiri juu ya mabwawa ya sumu huku akiwa ameshika simu ambayo ndani yake kuna sumaku kali zile zile. Ukimwambia, alijibu "najua" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Alitutuma tuchome nyaya nyuma ya karakana ili plastiki iungue tupate shaba, na moshi mweusi uliingia kwa majirani. Tulifanya hivyo muda mrefu. Aliyemkomesha ni Nekesa, dada yangu, aliyekuja kunichukua siku moja akiwa bado na sare ya shule. Alisimama kwenye ule moshi, akakohoa, akauliza kwa adabu kabisa, "Madam, na ubaya wa huu?" Madam alichukua ndoo ya maji akaumwagia moto. Tangu siku hiyo tulimenya nyaya kwa kisu, mpaka vidole vyangu vikawa na sugu ambayo ninayo hadi leo.

Na hakujua kusema pole. Akikukosea, alikuletea ndizi mbivu. Hakutaja kosa, aliziweka tu mahali utakapoziona na kuondoka haraka. Baada ya siku ya ule moshi, majirani watatu walikuta mikungu mlangoni.

Alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani tuliyemwita Mhandisi. Alikuwa anafanya kazi katika kampuni inayounganisha pikipiki za umeme, na alikuwa akipita karakana siku za Jumamosi akiwa na mkate na maneno. Nilimpenda. Alimheshimu Madam kiasi cha kumbishia.

"Madam, mota yako ina uzito mara mbili ya yangu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu sumaku yako ni dhaifu, umejaza shaba. Shaba nayo haioti kama mahindi. Inachimbwa kwa mtu."

"Ndiyo, baba. Ndiyo." Alikuwa akizunguka meza.

"Sasa usafi uko wapi?"

"Sijui bado!" alifoka. "Unafikiri silali kwa sababu ya uzee? Napima! Shaba yangu nimeitoa kwenye mota zilizokufa. Ya kwako yote ni mpya. Lakini nikitengeneza mota elfu, nitatoa wapi shaba iliyokufa? Sijui. Keti ule mkate."

Yeye mwenyewe hakuketi.

Ni Mhandisi huyo huyo aliyemwambia, siku moja nikiwa nimesimama hapo hapo na koleo mkononi, kwamba sumaku kali huogopa joto, na hizi nyeusi huogopa baridi. Zikiwa baridi, halafu umeme mwingi ukazipiga ghafla, hupoteza nguvu, na hata jua likitoka nguvu hiyo hairudi. Madam alicheka. "Moiben hakuna theluji," alisema.

Moiben ndiko alikokuwa amepania. Kulikuwa na kikundi cha wafugaji kule bondeni ambao maziwa yao yalipaswa kupanda mlima kila alfajiri mpaka kituo cha kukusanyia, na gari la kampuni halikungoja mtu. Walitaka tuktuk ya umeme. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Chebet, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Madam alisema kama mota yake ya sumaku nyeusi itaupanda mlima ule na maziwa mgongoni, hatakuwa na deni tena kwa mtu asiyemjua aliyeko kando ya bwawa la sumu. Alisema hivyo akivuta kofia yake, bila kuniangalia. Nilielewa kwamba hili si jambo la biashara.

Tuliifunga mota kwenye tuktuk, tukaijaribu wiki nzima kwenye mteremko wa Pioneer, tukiwa tumepakia magunia ya mchanga. Ilipanda vizuri. Tuliijaribu kila siku karakana ikishafunguliwa, yaani jua likiwa tayari juu ya mabati.

Siku ya kuwakabidhi, watu wote wa kikundi walikusanyika. Madam aliisifu kazi yetu, na Mama Chebet, ambaye alikuwa ameshalijua lile swali kama sote, alimwangalia akitabasamu.

"Na ubaya wake, Madam?"

"Ni nzito," Madam alisema. "Kwa hiyo si ya haraka."

"Hiyo tu?"

Niliuona mkono wake ukienda kwenye kofia na kuivuta. "Hiyo ndiyo kubwa," alisema.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja ya wiki iliyofuata umande uliganda kwenye nyasi, mweupe kama chumvi. Tuktuk ilikuwa imelala nje, chini kabisa kando ya mto. Dereva alipakia makopo, na kwa kuwa alikuwa amechelewa akafungua umeme wote kwa mpigo kutoka palepale iliposimama. Ilipanda nusu ya mlima, ikachoka, ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa nyasi. Gari la kampuni liliondoka. Maziwa ya nyumba zote za bondeni yalishinda juani, na jioni yalipewa mbwa na nguruwe.

Nilipoifungua mota, sumaku zilikuwa zimelegea. Msumari uliokuwa ukizirukia sasa ulikuwa ukiziegemea tu. Madam aliushika, akauacha uanguke, akaushika tena. Nilimngoja afoke. Alitoka nje, akazunguka karakana mpaka nikaacha kumwangalia.

Tulipanda Moiben siku iliyofuata, na alikuwa amebeba mkungu wa ndizi.

Mama Chebet aliupokea akauweka chini. "Ndizi tutakula," alisema. "Lakini kwanza sema."

"Mota imepoteza..."

"Hapana. Mota si mtu. Mimi nilikuuliza ubaya wake. Nilikuuliza mara mbili, mbele ya watu hawa."

Kulikuwa na watu wengi pale kituoni, na makopo matupu yamepangwa ukutani. Madam alikuwa akisogeza miguu kama mtu anayetaka kwenda choo. Halafu miguu ikatulia.

"Niliambiwa inaogopa baridi," alisema. "Nilijua. Sikusema kwa sababu niliitaka sana. Mmepoteza maziwa kwa sababu yangu. Poleni."

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka, na neno hilo nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Kumbe hata sumaku yako imetoka ziwani, Madam. Haiwezi baridi ya huku."

"Na ni ya kanisa!" mwingine akadakia. "Imerudi nyuma!"

Watu walicheka, naye Madam akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya kofia. Mama Chebet hakucheka. Alisema mvua ndefu zikianza, kama mota ile haijapanda mlima, watamwita Mhandisi na sumaku zake kali. Kisha akaongeza, kana kwamba anazungumza juu ya mtoto wa mtu, "Na kwa sasa isilale nje. Ndama wangu wanalala ndani usiku wa baridi, na moto kidogo. Ilale na ndama."

Basi ikalala na ndama. Tulipanga sumaku mbili mbili ili ziwe nene, tukabadilisha gia, tukaweka kizuizi ili umeme usiingie kwa fujo mwanzoni. Kila jioni dereva aliisukuma ndani ya banda, ndama wakailamba mpaka rangi ikatoka, na asubuhi ilipanda. Kikundi kiliridhika. Mhandisi alikuja kuona akasema ni kazi safi, na njiani kurudi aliniambia kampuni yao ina nafasi yangu. Nilifikiria karo ya Barasa, aliyekuwa bado shuleni. Lakini nilimshukuru Mhandisi, nikamwambia niliyeanza naye bado hajamaliza.

Maana Madam hakuridhika. "Hiyo ni mota inayolelewa," alikuwa akisema. "Nani atamlelea mtu wa kijiji kingine? Iache nje, uone." Lakini Mama Chebet alikataa kuhatarisha maziwa, na kabla hawajaelewana magoti ya Madam yalikwisha. Bintiye alikuja akamchukua akaishi naye kule ziwani, kwenye joto. Aliniachia karakana, na akaniachia vikombe, vingine bado viko kwa majirani. Mimi nikaanza kufungua kabla ya jua. Mota nilizojenga baada ya hapo nilizilaza nje, chini ya gunia lililolowa maji, na kuzijaribu alfajiri zikiwa baridi kama mawe ya mtoni.

Mwaka huu, mvua zikikaribia, alinipigia simu. Hakusalimia. "Ya Moiben uliibadilisha?"

"Niliibadilisha, Madam. Ina sumaku zilizojaribiwa chini ya gunia."

"Imelala nje?"

"Mama Chebet bado anailaza na ndama. Amezoea."

"Mwambie nakuja."

Alikuja na fimbo, na sweta tatu. Alilala kwa Mama Chebet, na jioni hiyo wale wanawake wawili waligombana kwa sauti zilizosikika mpaka mtoni, kisha tuktuk ikaachwa nje. Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe. Dereva alipakia makopo. Nikagusa mota kwa nyuma ya mkono, kama Madam alivyonifundisha, jinsi unavyopima mtoto homa. Ilikuwa baridi mpaka inauma.

"Twende," Madam alisema, na akaanza kupanda mbele yetu kwa fimbo.

Dereva aliingiza umeme. Mota ilinguruma chini chini, makopo yakagongana, na tuktuk ikaanza kujivuta nyuma yake. Nilitembea kando yake na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu. Pale kwenye ukingo ilipokufa ile ya kwanza, ilipunguza mwendo, nikainama, lakini haikusimama. Ilimfikia Madam. Akasogea kando kuipisha. Ilimpita.

Nilisimama. Maisha yangu yote na yule mama sikuwahi kuwa mbele yake, na sikujua nifanye nini na miguu yangu.

"Nenda nayo!" alinifokea. "Mimi sibebi maziwa!"

Nilikwenda nayo. Kituoni gari la kampuni lilikuwa limewasha taa, na makopo yakashushwa moja baada ya jingine, na Mama Chebet, aliyekuwa amepanda mapema, alitumbukiza kidole kwenye la kwanza akaonja. Nilichukua msumari nikausogeza kwenye mota. Uliruka kutoka mkononi mwangu.

Ilipita muda kabla kofia ya Madam haijaonekana kwenye kona. Alipanda, akasimama, akapanda tena. Alipofika alishika ukingo wa tuktuk kwa mikono miwili, kifua kikipanda na kushuka, na nikaona anatafuta pumzi ya swali. Nikamngoja.

"Na ubaya wake?" akasema.

"Ni nzito, Madam. Imekula shaba nyingi, na nyingine imebidi ninunue mpya, na sijui ilichimbwa kwa nani. Sumaku zimepasuka kidogo pembeni. Na inaenda polepole."

Aliyapokea yote kwa kutikisa kichwa, moja moja, mpaka la mwisho. Hapo akainua macho, akautazama mlima aliotoka, akanitazama mimi.

"Polepole kuliko nani?" akauliza.

Mama Chebet alimsogezea kopo tupu alilolipindua. Na Madam, mbele yetu sote, akaketi.